Kabla ya Saa Kumi

Kwanza ukungu, halafu mimi.
Ndivyo ofisi yetu inavyofunguliwa Julai hapa Iringa:
ukungu unapanda kutoka Ruaha Mdogo bila kuomba ruhusa,
nami napanda kutoka Mlandege na koti la marehemu kaka,
mfukoni pini nne na tangazo moja lenye muhuri.

Wanafunzi wote wa uzamili na uzamivu.
Usajili wa muhula. Ada, angalau nusu.
Fomu ya maendeleo, sahihi ya msimamizi, nakala tatu.
Mwisho Ijumaa, saa kumi kamili alasiri.

Nalibandika. Nalitazama. Nalishusha kidogo,
maana tangazo lililopita macho ya mtu ni siri.

Kule juu limekaa Gangilonga.
Wahehe husema jiwe lile liliongea,
likawaambia watu kinachokuja kabla hakijafika.
Mimi huwa najiuliza: lilirudia mara ngapi?
Hakuna aliyekuja baadaye, kofia mkononi,
akasema, "Mama, mimi sikusikia"?

Wapo wanaolipiga picha tangazo
likalala ndani ya simu, kati ya harusi na shamba la mahindi.
Yupo Tulizo Nyaulingo, huyo husajiliwa Jumatatu asubuhi
na bado hurudi Jumatano kuuliza kama amesajiliwa.
Na yupo Eliuta Tweve, Makete,
kwenye baridi inayong'ata meno,
anahoji wakulima wa pareto.
Namba yake nimepiga mara saba.
Mara saba yule dada wa mtandao, mpole, asiyechoka:
hapatikani kwa sasa.

Jumanne nikatia fomu kwenye bahasha ya kaki,
nikamkabidhi kondakta wa basi la Makete:
"Mwachie mwenye duka la pembejeo, Tandala. Anamjua."
Elfu tatu, zangu.
Bosi akaniuliza kama hiyo kazi imo kwenye mwongozo.
Kwenye mwongozo imo hii:
mwanafunzi atawajibika kuzijua tarehe.
Sikubishana. Nikanywa chai.

Sikumwambia kwamba na mimi niliwahi kuwa na namba ya usajili.
Mwaka ule tangazo lilibandikwa upande wa ndani wa mlango,
na mlango ulikuwa wazi, umezuiwa na tofali,
umeupa ukuta uso.
Wiki mbili nzima ukuta ulisoma.
Nilipolisoma mimi, lilikuwa na siku tatu tangu life.
"Lilitolewa," wakaniambia.
Na kweli, lilitolewa.

Ijumaa, saa tisa na robo,
mwanamke, mtoto mgongoni, matope hadi magotini.
Kutoka kwenye mfuko wa mkate anatoa bahasha yangu.
"Mimi shemeji yake. Amejaza yote. Ila sahihi ya mwalimu hana."

Dokta Lugenge yuko msibani Kihesa.

Tukateremka. Siwezi kusema tulikimbia,
mwanamke na mtoto wake, na mimi na goti langu,
lakini kuku walitupisha.
Dokta akatoka kwenye turubai, akavaa miwani,
akasaini nakala ya kwanza juu ya mgongo wa mpwa wake,
ya pili, ya tatu,
huku ndani wakianza pambio.

Saa kumi kasoro dakika nne.
Muhuri ukawa mkavu.
Nikaupulizia pumzi, kama mtu anavyopulizia vidole asubuhi,
nikagonga.
Mtoto akashtuka, akalia.
Mama yake akauliza: "Ndiyo basi?"
Nikamwambia ndiyo, basi, hadi muhula ujao.
Akacheka. Mimi nilikuwa nasema kweli.

Jumatatu nimelibandua.
Chini yake ubao una matundu mengi kuliko mbao,
kila tundu ni Ijumaa ya mtu.
Nimeshika jipya: ratiba ya kutetea tasnifu.
Pini ziko mdomoni.
Lakini kwanza nautazama mlango,
umefunguka kuelekea wapi,
na nani ameliweka hapa hili tofali.