Nafasi Nne

Mbukwenyi, mgeni.
Mstari wako wa kwanza umefika saa nane usiku
kutoka Kondoa, au pengine Mpwapwa, sikuuliza.
Unafanya kazi. Nimeuendesha mara tatu
na mara zote kilo za zabibu zimejumlika sawasawa.
Bado nimeurudisha.
Usinune. Keti kidogo.

Hapa kwetu tunaacha nafasi nne, moja moja, kwa kidole.
Kile kitufe cha pembeni tumekipiga marufuku;
Chilongani alisema hakikuitwa Tab bure,
ni tabu tupu: kwako kinasogea hatua mbili, kwangu nane,
na msimbo ukifika Hombolo umepinda
kama mzabibu uliokosa waya.

Mstari usivuke herufi themanini.
Mbeleje husomea kwenye simu iliyopasuka kioo,
amesimama ghalani Mpunguzi, jua la Septemba mgongoni,
foleni ya kreti mbele yake.
Kinachovuka themanini, kwake hakipo.

Na usiite kitu x.
Sisi tuliita. Asubuhi x ilikuwa uzito,
jioni, kwa mkono wa mwingine, x ikawa malipo,
na Bi Nyemo wa Veyula akaja ofisini Ipagala
na ujumbe kwenye simu: Umepokea shilingi 18.
Hakupiga kelele.
Aliomba tumsomee tena, labda ni macho yake.
Tangu siku ile tunaandika uzito_wa_kreti,
neno zima na kistari chake cha chini,
vidole vichoke visichoke.

Ukiacha maelezo, usiniandikie "hapa najumlisha".
Naona unajumlisha.
Niandikie kwamba mizani ya Hombolo
huzidisha gramu mia mbili kila alfajiri
kabla chuma hakijapata joto,
ndiyo maana unazipunguza.
Hilo msimbo hauwezi kulisema wenyewe.

Yote haya yamo kwenye mwongozo, ukurasa mmoja na nusu.
Lipo jambo ambalo halimo.

Faili la kwanza kabisa, lile la hesabu,
Chilongani aliliandika kabla ya mwongozo,
jenereta la jirani likinguruma, chai ikipoa,
na kila alipoingia ndani aliacha nafasi tatu.
Tatu! Hakuna aliyejua kwa nini.
Tulimzika Februari, vumbi likitupiga usoni
mpaka hukujua nani analia.

Pasaka nilikaa peke yangu nikalinyoosha.
Mistari elfu moja mia moja arobaini,
amri moja, pumzi moja, nne nne nne,
safi kama shamba lililopimwa kwa kamba.
Kisha nikaiuliza mashine, kama tunavyouliza siku zote:
huu mstari kaandika nani?
Ikajibu: wewe.
Na huu? Wewe.
Na huu, wenye maelezo yake,
"msiguse hapa, nimeshahangaika wiki nzima"?
Wewe.

Nilikaa. Taa za chuo kilimani zikazimika moja moja.
Nikarudisha kila kitu kilivyokuwa,
na hadi leo faili lile lina nafasi tatu.
Ukilikuta, lipite.
Na popote pengine, ukinyoosha, nyoosha tu;
ukibadili maana, badili maana peke yake.
Usivitie kapu moja,
maana atakuja mtu kuuliza nani,
na anastahili kujibiwa.

Haya, turudi kwako.
Mstari wa kumi na mbili, kumi na tatu, hadi wa ishirini:
ongeza nafasi moja kila mahali, kisha ulete tena,
nitaupokea.
Umeacha tatu.

Kabla hujarekebisha, nijibu, hata kwa neno moja:
nani alikufundisha tatu?