Daftari la Zamu

Walizima injini ya mwisho siku ya Jumanne,
saa nne na dakika kumi asubuhi. Niliandika mwenyewe.
Mkono wangu haukutetemeka. Kilichotetemeka
kwa miaka ishirini na sita ni sakafu,
na siku hiyo sakafu ilitulia kama ugali uliopoa.

Gridi imefika Kigoma. Nguzo za chuma zimekuja
kwa hatua pana, zikavuka Malagarasi bila kuvua viatu,
na umeme wa mbali, usio na moshi wala harufu,
ukaingia Mwanga, Katubuka, Gungu, Ujiji,
kama mgeni asiyepiga hodi.
Watu wakashangilia. Nami nilishangilia.

Lakini niacheni niseme ya dizeli.

Dizeli ilikuja kwa reli, na reli ina tabia zake.
Mvua ikikata tuta huko Uvinza, behewa linalala,
nasi tunapima tangi kwa fimbo, kama mama
anayechungulia debe la unga, watoto wakimtazama usoni.
Sentimita arobaini. Thelathini na mbili. Kumi na tisa.
Hapo simu ya meneja inalia: "Ruhomvya, kata."

Kata. Herufi nne tu.
Mpini ni wa baridi, rangi yake nyekundu imechubuka
mahali pa vidole vyangu.
Nilizima Gungu bibi harusi akiingia ukumbini.
Nilizima Kibirizi, barafu ikawa maji,
na migebuka ya Adelina, mke wangu,
ikaoza pamoja na ya wenzake.
Hakuninunia. Aliniandalia chakula, kisha akaenda kukaa nje.
Hospitali ya Maweni sikuizima hata siku moja.
Liandikeni hilo, na kama hamna kalamu, basi lisikieni.

Makao makuu walituletea bango:
TUMIA UMEME KWA UANGALIFU.
Tulilibandika juu ya mlango, gizani.

Sasa mjukuu wangu ananunua umeme kwa simu,
tarakimu ishirini, mlio mdogo, kwisha.
Anaacha taa ya choo, ya baraza, feni inapepea kiti kitupu.
Nazima. Anawasha. Nazima.
"Babu, umeme siku hizi upo mwingi."
Upo. Lakini mahali fulani pana mtu wa zamu,
kwenye bwawa, kwenye gesi, au kesho kwenye makaa ya mawe,
macho mekundu, anatazama mshale ukipanda
kwa sababu ya feni yetu na kiti chetu.
Jina lake silijui. Najua mgongo wake unavyouma.

Usiku silali. Kimya ni kizito, na hakina mpini.
Daktari alinimulika kwa kurunzi yake ndogo, akasema
sikio la kushoto limekufa, huo mvumo ninaousikia haupo.
Haupo! Mimi nishindwe kuijua injini?
Ni namba tatu, ile yenye kikohozi kwenye silinda ya tano,
inakwenda bila dizeli, bila meneja,
inawasha mji mzima ulio kichwani mwangu,
na Gungu wanacheza,
bibi harusi kashafika katikati ya ukumbi.

Saa tisa huamka nikitafuta kalamu
nijaze joto la maji, msukumo wa mafuta.
Adelina hugeukia ukutani. Husema,
"Zima taa, Yeremia."