Kijiti Juu ya Herufi

Mimi ni karani. Kalamu yangu ndiyo mlango wa shule hii
kabla ya mlango wenyewe.
Ni Julai hapa Quilicura, kipupwe kimeshika Santiago:
makoti ukutani yananuka mafuta ya taa,
madirisha yanatoka jasho.

Alikuja Wisline, miaka minane, kutoka Haiti,
kashikwa mkono na mama
ambaye hakuwahi kuvua glavu za kufagilia soko.
Kompyuta ikadai namba ya taifa. Hana.
Nikampa namba ya muda, ndefu kama deni,
na jina nikaliandika nilivyolisikia,
yaani vibaya.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikajisemea.
Sikujiuliza kamba ile kaisokota nani.

Agosti, mtihani wa dunia ukatua,
maboksi mawili yenye lakiri.
Swali la tatu: Familia yako ilipokwenda kuteleza thelujini, mliona nini?
Wisline akachora mlima, chini yake hakuandika kitu.
Milima ile anaiona kila siku kioo cha basi kikifutwa,
meupe, karibu, ya watu wengine.
Hata Maikol, mzaliwa wa hapa hapa, mwana wa fundi gereji,
naye aliacha patupu.

Tukashuka ngazi kumi na moja.
Mkaguzi akanong'ona kwamba wageni wanatuvuta chini.
Maikol hakumtaja.

Mwalimu mkuu, Eliana Huenchumán,
ambaye bibi yake alichapwa darasani kwa kusema Kimapuche,
hakubishana.
Alishika kiti chake, kile cha ngozi, cha magurudumu,
akakisukuma koridoni, gurudumu moja likilia kama panya,
hadi chumba cha halmashauri, mbele ya mama mwenye glavu.
"Keti. Leo tunaanza na lako."

Mama hakuketi.
Alishika mgongo wa kiti kama ushikavyo bega la mtu,
akauliza, Kihispania chake kikikwama na kunasuka:
"Mbona barua za mkutano hufika mkutano ukishapita?"

Kimya.
Barua hizo huzituma mimi.

Miaka yote nilidhani haki ni neno la mabango,
la watu wanaofunga barabara.
Kumbe lilikuwa kwenye droo yangu,
chini ya stempu, kando ya biskuti,
likisubiri siku nitakayojisikia.

Sitasema shule imegeuka pepo.
Wazazi wawili wamehamisha watoto wao.
Maboksi yatarudi Agosti, na theluji yao ndani.
Ila barua sasa hutoka Jumatatu, kwa lugha mbili,
na kile kiti hakijarudi ofisini.

Leo nimemwita Wisline dirishani pangu.
Nitamkie jina lako lote, taratibu.
Akatamka. Nikaandika: Dorceus.
Akasimama kwa ncha za vidole, akachungulia.
"Bado. Umesahau kijiti juu ya e."

Nikafuta.
Nikampa kalamu.