Mota Mpya

Ile ya zamani ilikoroma.
Volti kumi na mbili, kutu shingoni,
ikikohoa kila iliponasa mwani.
Fundi Mbwarali aliifungua kwa spana ya kumi na tatu,
akanitilia mikononi: "Kauze chuma."

Hii mpya yataka betri mbili.
Waya mwekundu huku, mweusi kule,
fyuzi katikati, na nta ya mshumaa
juu ya nati, chumvi isionje.
Nimeilipa kwa miezi saba ya chaa na tewa,
na kikuku changu cha harusi.

Leo nimeijaribu, hori la Tudor.
Kimya!
Nimewapita chaa wasigutuke,
nimesikia hadi kaa wakichimba chini ya mikoko.
Maji yalikuwa yakitoka; mkondo uliozoea kunirudisha
nimeupanda kama ngazi.

Nimefika Mikindani, ufukweni hakuna mtu.
Zamani Mwanasha aliusikia mkoromo
ningali mbali,
akateremka na ndoo, miguu mitupu.

Nimekaa. Samaki wanapiga mikia.
Kisha nikaishika spana,
nikagonga ubavu wa mashua,
ko, ko, ko,
mpaka mlango ukalia.