Nukta Sifuri

Faili la Ndeanasia wa Uru limerudi toka bima,
muhuri mwekundu umelala usoni: HALILIPWI.
Daktari aliandika "mawe ya nyongo", akaweka nukta, akaenda kulala.
Nani amlaumu? Ilikuwa saa kumi alfajiri.

Mimi nakaa chini, chumba cha kumbukumbu.
Watu husafiri kuja Moshi kuutazama mlima;
dirisha langu linatazama ukuta wa jiko la wodi.
Nasoma miandiko.
Kwa mawe matupu niliweka K themanini, nukta mbili,
na bima wakauliza, kwa haki yao:
mawe yaliyolala, mbona mliyaamsha usiku kwa kisu?

Lakini Sista Eliainenyi alikuwepo.
Kanambia kwenye foleni ya chai:
mfuko ulikuwa mwekundu kama buni mbivu,
umevimba, usaha ukingoni,
mama anawaka homa, hataki hata shuka limguse ubavu.
Basi hiyo ni nukta sifuri.
Sifuri! Na ni nzito kuliko mbili.

Kalamu ninayo. Nafasi ipo, mbele ya "nyongo",
maneno mawili yanaenea,
na mwandiko wa daktari naujua kuliko wa mume wangu.
Mkono ukasogea.
Nikaurudisha.
Ya kwenye chai hubaki kwenye chai.

Nikapanda ngazi, arobaini na moja, na goti langu hili.
Daktari Lyaruu alikuwa ananawa.
"Wewe tena?" Siku nyingi nimeshamtumbukia nyongo.
Sikumwambia aandike nini.
Niliuliza tu: "Ulipofungua, uliona nini?"

Akafumba macho. Vidole vyake vilivyolowa
vikaurudia usiku ule hewani, taratibu, safu kwa safu.
Kisha akaandika: uvimbe mkali. Sahihi, saa,
na tarehe ya leo, siyo ya usiku ule.
Hapo nikamheshimu.

Ndeanasia amekuja kutolewa nyuzi.
Yuko benchi la malipo na kichupa chake,
mawe saba, rangi ya mbege,
kila apitaye lazima ayahesabu.
"Mwanangu, ugonjwa wangu umeuandika vizuri?"
Si mimi niliyeandika, mama. Mimi niliuliza.
Akacheka, akashika ubavu.

Bima bado hawajajibu.