Saa Kumi Alfajiri

Kwake saa kumi alfajiri. Kwangu, Indiana, kumi na moja.
Kikosi kizima cha ngoma na tarumbeta kimelala midomo wazi,
magoti yamebanwa na viti, soksi mbichi zimening'inia
madirishani kama popo,
na simu yangu, chaji asilimia kumi na moja,
inatetema juu ya paja.
Ni baba. Nani mwingine yuko macho saa hizi
asiyekuwa mlinzi wala mgonjwa?

"Uko wapi?"
"Sijui. Mahindi tu."
"Hata huku mahindi tu."
Hapo maneno yetu yameisha.
Yeye si mtu wa simu, nami ni mwanawe.

Lakini hakati.
Huiweka simu kwenye ukingo wa dirisha la zizi,
kando ya kopo la dawa ya viwele,
akarudi kwa ng'ombe wake.
Nami nasikia mashine ya kukamulia:
chu-ka, chu-ka, chu-ka,
mapigo sitini kwa dakika,
ule wa kushoto ukichelewa unywele mmoja
tangu mwaka dada yangu alipovunjika mkono.

Watu huniuliza nani alinifunza kushika mdundo.
Mwalimu Thibodeaux, nasema, maana mara nyingi yuko karibu.
Kweli ni ile mashine. Nilikuwa na miaka sita,
ndoo imepinduliwa, vijiko viwili vya mbao,
na baba akipita na maziwa, bila kugeuka:
"Unaharakisha."

Mama ni habari nyingine.
Mama hutuma ujumbe mara kumi na mbili kwa siku:
umekula, umejipaka mafuta ya jua,
ni nani yule mwenye nywele za kijani kwenye picha ya Ohio.
Kadi zake za posta hunitangulia kwenye shule tunakolala sakafuni,
nyingine hufika tumeshaondoka;
huko Kansas, karani wa shule bila shaka anajua
kwamba paka wetu amezalia ndani ya buti.
Namjibu siku ya kufua nguo,
nimechuchumaa kwenye soketi moja yenye waya tisa,
namjibu yote kwa mkupuo,
kama mtu anayelipa deni la dukani.

Julai, tarehe ishirini na kitu.
Mchana ule lami ilinichoma nyayo kupitia viatu.
Usiku, simu. "Uko wapi?"
"Tennessee, nadhani."
Kisha ule ukingo wa dirisha. Kopo likasogezwa.
Nikangoja.
Nikasikia mbayuwayu. Miaka yote ile
sikujua kama zizini petu mna ndege.
Nikasikia baba akipumua.

"Lori lilikuja Jumanne," akasema.
"Wote?"
"Wote. Hata Petronela."
Bei ya maziwa hakuitaja, wala benki.
"Sasa mbona umeamka?"
"Macho hayajaambiwa."

Basi likapita chini ya daraja, mtandao ukakatika, ukarudi.
Desmarais, jirani yangu, akageuka, akaniegemezea kichwa
chenye harufu ya jasho na siagi ya karanga.
Nilitaka kusema kitu.
Mtu mzima wa miaka ishirini,
niliyekwisha kupiga mbele ya uwanja uliojaa,
nikatafuta neno moja nikalikosa.

Basi nikailaza simu juu ya kibao cha mazoezi
na vijiti nikaviacha mfukoni. Vidole tu:
chu-ka, chu-ka, chu-ka,
sitini kwa dakika, taratibu, wenzangu wasiamke.

Maili tatu, labda nne. Chaji asilimia sita.
Nikadhani amekwenda kulala.
Kisha ile sauti yake ya kupita na ndoo, bila kugeuka:

"Wa kushoto," akasema.
"Wa kushoto huchelewa."