Picha, Haina Maelezo

Mashine huniita Na-ya-mu-vula,
vipande vinne, kama mtu ahesabuye nyanya
kwa lugha aliyojifunza ndegeni.
Mimi ni Nyamvula. Siku niliyozaliwa mvua ilipiga
hata bati la Kisauni likavuja juu ya mkunga,
ila mvua hiyo mashine haikuambiwa.

Chumba cha vifaa kiko chini, chuoni Tudor:
kompyuta sita, nne husema,
moja hukohoa, moja imesusa.
Bwana Mwakidzuga, mwenye funguo,
alinivalisha spika za masikioni siku ya kwanza
akaniambia, "Sasa humhitaji mtu."
Nikafurahi. Niongope ya nini?
Nilifurahi hata nikasahau kushukuru.

Kabla ya hapo nilisomewa na Saumu,
miaka miwili, sura moja kwa sahani moja ya viazi karai,
na ukwaju usiwe haba.
Alisoma huku akitafuna.
Sura ya tatu, hadi leo, yaninukia pilipili.

Wiki ile nikakirudia kitabu kilekile,
historia ya mji huu, kurasa mia tatu na kumi
zilizopitishwa kwenye skana moja moja.
Nikasikia mambo sijapata kuyasikia:
kodi za forodha, majedwali ya bei za pembe,
na tanbihi, lo, tanbihi ndefu kama foleni ya Likoni.
Kurasa arubaini na moja Saumu aliziruka!
Nikakikumbuka kile kikohozi chake kidogo.
Kila alipokohoa, palikuwa na shimo.
Na ule mtihani, swali la nne, forodha,
ile D niliyoililia chini ya shuka.
Nikacheka peke yangu. Kisha sikucheka.

Mashine hairuki. Hii ni haki yake, naiandika.
Haina mchumba wa kumpigia simu,
haiulizi kama nimekula.
Usiku wa Machi, joto limetulalia kifuani,
nairudisha aya mara kumi, haiguni.
Nayo ina kamusi ndani, waweza kuifunza kutamka.
Nimeifunza Kongowea. Nimeifunza Mwembe Kuku,
na ng'ambo, ile ng' iliyokuwa ikiivunja meno.
Jina langu nimeliacha. Sijui kwa nini.

Kisha, ukurasa wa mia na kumi na tisa:
"Picha," ikasema. "Haina maelezo."
Ikaenda zake, kama apitaye mlango wa jirani asiyemjua.
Mia na ishirini: "Picha. Haina maelezo."

Lakini mimi nilimjua mwanamke wa ukurasa ule!
Chungwa lake nililijua, na paka wake.
Niliwaandikia insha nzima,
nikamsifu mwandishi kwa jicho lake pevu.
Kumbe jicho lilikuwa la Saumu,
aliyeacha kutafuna, akanishika kidole
akakitembeza juu ya karatasi laini,
nami nikadhani bado anasoma.

Nikampigia. "Njoo Tudor. Viazi vipo.
Na nina neno nawe la forodha."
Kimya. Kisha kikohozi.
"Zile hazikuwa na mana, Nyamvula."
"Njoo tu."

Amekuja. Amekaa kushoto kwangu, ananukia jasho na ukwaju.
Yeye atazama, mimi nachapa
katika kisanduku kilichokuwa kitupu,
kwa yeyote atakayekifungua kitabu hiki baada yetu:

*Picha: mwanamke barazani, anamenya chungwa.
Ganda halijakatika, limening'inia hadi gotini.
Kanga ina doa begani. Nyuma yake
mlango umefunguka nusu, paka ameingiza kichwa tu.
Hamtazami mpiga picha.
Saumu asema yuwacheka. Mimi nimeandika: huenda.*

Tukaibonyeza isome.
"Chungwa" ikalitamka vibaya mno,
Saumu akamwaga ukwaju juu ya herufi.
Tukapangusa. Tukasahihisha.
Ukurasa unaofuata.